Kusimamisha na kuzima pikipiki bila kuumia

Kovu la ekzosi tunalitambua haraka: mara nyingi liko ndani ya mguu wa kulia, chini ya goti. Wengi huungua wakati pikipiki imeshasimama na abiria anashuka.

Kabla ya kusimama
Usizime injini mteremkoni ili kuokoa mafuta, kwa mfano kwenye milima ya Mbinga ukishuka kuelekea Mbamba Bay. Injini ikiwa kwenye gia ndogo husaidia kuzuia mwendo. Ukiizima au ukiweka frii, mzigo wote unabaki kwenye breki, nazo zikipata moto sana hukosa nguvu.

Wakati wa kusimama
1. Washa indiketa, angalia nyuma, kisha toka barabarani.
2. Achia mafuta, punguza gia, kamata breki zote mbili taratibu. Penye vumbi, matope au kokoto usibane ya mbele kwa ghafla.
3. Bana klachi, weka mguu wa kushoto chini.
4. Weka frii, zima injini kwa ufunguo, endelea kushika breki.
5. Abiria ashukie kushoto. Huko yuko mbali na magari, na pikipiki nyingi za bodaboda zina ekzosi kulia. Mama mwenye mtoto mgongoni asiharakishwe.
6. Shusha stendi. Kwenye mlima, elekeza tairi la mbele juu, uiache kwenye gia namba moja isiteleze.

Injini ikizimwa, ekzosi hubaki ya moto kwa muda. Wazuie watoto wasiisogelee. Na usiwashe pikipiki ndani ya nyumba: moshi wake una sumu isiyo na harufu inayoweza kuua.

Mtu akiungua
Mwagia maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, majivu wala unga, na usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichonata.

Nenda zahanati au kituo cha afya ikiwa aliyeungua ni mtoto, jeraha limezidi kiganja chake, lina malengelenge, limekuwa jeupe au jeusi, au linatoa usaha. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Abiria, una haki ya kusema: "Zima kwanza, nishuke."