Lugha ya nyumbani si adui wa Kiingereza

WAZAZI wengi nchini huamini kwamba mtoto akizungumziwa Kiingereza pekee tangu siku ya kwanza ya chekechea, atakimudu upesi na kufaulu katika masomo yote. Kwa sababu hiyo, lugha ya mama hupigwa marufuku nyumbani.

Shuleni nako, vizazi kadhaa vya Wakenya vinakumbuka kibao kilichovishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyenaswa akizungumza lugha ya kwao. Kibao hicho kilizunguka kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine, na jioni waliokuwa wamekivaa waliadhibiwa.

Je, ni kweli kwamba lugha moja sharti ife ndipo nyingine ikue? Swali hili limechunguzwa na wataalamu katika mabara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 40, na majibu waliyoyapata yanafaa kutiliwa maanani na kila mzazi na mwalimu.

Mtafiti Jim Cummins wa Canada ndiye aliyebainisha, mwaka wa 1979, kwamba kuijua lugha kuna sura mbili. Ya kwanza ni lugha ya mazungumzo ya kila siku, ile ya uwanjani na dukani. Ya pili ni lugha ya masomo, ambayo mwanafunzi huihitaji ili kuelewa kitabu cha sayansi, kuandika insha au kufumbua swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno.

Mwaka wa 1981, Cummins alichapisha uchanganuzi wa maendeleo ya watoto wahamiaji katika shule za Toronto. Ilibainika kwamba mtoto aweza kuzungumza Kiingereza vizuri baada ya miaka miwili hivi, lakini huhitaji kati ya miaka mitano na saba ili kuwafikia wenzake katika lugha ya masomo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Katika mazungumzo, msikilizaji husaidiwa na uso wa msemaji, ishara za mikono na mambo yaliyo mbele ya macho yake. Kitabu hakina uso wala mikono. Maana yote imo katika maneno, na mengi ya maneno hayo hayasikiki uwanjani.

Ikumbukwe kwamba watoto hao wa Toronto walizungukwa na Kiingereza barabarani, madukani na kwenye televisheni. Mtoto wa kijijini Kitui au Tana River huenda asikisikie ila kutoka kwa mwalimu wake. Hata hivyo, afikapo Gredi ya 4, sera ya elimu humtaka asome karibu masomo yote kwa lugha hiyo.

Ndiposa mwalimu hukutana na mwanafunzi anayesoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, bila kukwama, lakini akiulizwa alichosoma, hana jibu. Mtoto huyo si mjinga. Ameyatamka maneno ambayo hajapata kuyajua.

Cummins alishikilia pia kwamba maarifa ya lugha mbili hayakai katika vyumba tofauti vya akili. Ni kama visima viwili vinavyochota maji katika mkondo mmoja wa chini ya ardhi. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwa lugha ya kwao maana ya kugawanya kitu kwa mafungu sawa hahitaji kufunzwa upya dhana hiyo kwa Kiingereza. Anachohitaji ni jina lake tu.

Nchini Nigeria, Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake walilijaribu wazo kama hilo kuanzia mwaka wa 1970 huko Ile-Ife. Wanafunzi walisomeshwa kwa Kiyoruba kwa miaka yote 6 ya shule ya msingi, nacho Kiingereza kikafundishwa kama somo na mwalimu aliyebobea katika kazi hiyo. Walifanya vyema katika masomo, na hawakuachwa nyuma katika Kiingereza na wenzao waliokitumia darasani kwa muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, haitakuwa haki kudai kwamba lugha ya mama pekee ni dawa ya kila ugonjwa. Humu nchini, katika muongo wa 2010, mpango wa kuboresha usomaji ulijaribiwa katika madarasa ya chini kwa kutumia Kikamba na Kibukusu. Watoto waliimarika katika kusoma lugha hizo. Lakini katika Kiingereza na Kiswahili hawakuwapita wenzao waliokuwa katika mpango uo huo bila lugha ya mama.

Funzo ni kwamba kuchagua lugha ni hatua moja tu. Vitabu na walimu walioandaliwa ni hatua nyingine, na haziwezi kurukwa.

Kuhusu vitabu, utafiti unaotajwa mara nyingi ulifanyika katika visiwa vya Fiji mwanzoni mwa miaka ya 1980. Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi za kuvutia, vya Kiingereza, kwa kila darasa lililoshiriki katika shule 8 za mashambani zilizokuwa na uhaba mkubwa wa vitabu.

Baada ya miezi 8, wanafunzi hao walikuwa wamepiga hatua maradufu ya kawaida katika kusoma na kusikiliza kwa ufahamu. Walikuwa wameisoma lugha kwa kufuata hadithi waliyotaka kujua mwisho wake.

Kuhusu walimu, Rwanda ni mfano ulio karibu nasi. Mwaka wa 2008, serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Walimu wengi walilazimika kujifunza lugha huku wakiitumia kufundisha. Mwaka wa 2011, Kinyarwanda kilirejeshwa katika miaka mitatu ya kwanza ya msingi, kisha mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitatumika tangu darasa la kwanza.

Hapa Kenya, Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 iliunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza, ilhali ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule katika madarasa ya chini. Pendekezo hilo la pili ndilo msingi wa sera ya sasa, ingawa shule nyingi, hasa za mijini, haziifuati.

Hakuna mtafiti kati ya hawa anayemwambia mzazi asitake Kiingereza kwa ajili ya mwanawe. Wanachosema ni kwamba safari hiyo ni ya miaka, na haraka haraka haina baraka.

Mzazi asiyejua Kiingereza hana haja ya kujiona hana mchango. Amsimulie mtoto hadithi kwa lugha anayoijua barabara, amuulize maswali, ambishie, amwache aeleze kwa kirefu. Mtoto aliyezoea kufikiri na kujieleza kwa lugha moja ataingia katika ya pili akiwa na akiba. Aliyenyang'anywa ya kwanza kabla ya kuipata ya pili, huingia darasani mikono mitupu.