Mafua Makali: Namna Kinga ya Mwili Inavyoweza Kumzidishia Ugonjwa Mtoto na Kijana

Miezi ya Juni, Julai na Agosti huijia Iguguno na upepo mkavu, vumbi na baridi ya alfajiri. Ni miezi ya kuvuna na kupakia alizeti kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, na ni miezi ambayo kikohozi husikika katika kila darasa. Mtu akisema ana mafua wakati huo, hakuna anayeshtuka. Atakunywa maji ya moto yenye tangawizi na limao, atajifunika blanketi, na baada ya siku chache atarudi kazini.

Tatizo ni kwamba neno hilo moja, mafua, hubeba magonjwa yasiyolingana. Yapo mafua ya kawaida ya kamasi, chafya na koo kuwasha. Ipo pia influenza, ambayo watumishi wa afya huiita homa ya mafua makali. Hii huanza kwa ghafla: mtu aliyeamka mzima hufika jioni akiwa na homa kali, kichwa kinauma, misuli na viungo vinauma, na kikohozi kikavu kimemshika. Wengi wa wanaoipata hupona ndani ya wiki moja bila kulazwa. Wachache huzidiwa, na katika hao wachache wamo watoto wadogo na vilevile vijana wenye nguvu ambao hakuna aliyewadhania. Ili kuelewa sababu, ni lazima kuangalia kirusi chenyewe na pia namna mwili unavyopambana nacho.

Kirusi cha influenza huingia kwa njia ya pua na koo, kikajipenyeza katika seli za njia ya hewa na kuzaliana humo. Seli iliyovamiwa hutoa onyo la kemikali liitwalo intaferoni. Seli jirani zikipokea onyo hilo hujifunga, na kirusi hukosa pa kuendelea. Wakati huohuo mwili hutoa kemikali nyingine, saitokini, zinazoziita chembechembe nyeupe za damu zije kupambana. Homa na maumivu ya mwili ambayo mgonjwa huyalalamikia hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali hizo. Kwa maneno mengine, mtu anayetetemeka kitandani anahisi vita vya mwili wake mwenyewe.

Mkulima wa mtama ataielewa hatari iliyopo hapo kwa mfano wa kweleakwelea. Ndege hao wakionekana mapema, watoto wawili wenye makopo na kombeo wanatosha kuwafukuza. Wakichelewa kuonekana hadi wamejaa shamba zima, na kijiji kizima kikaingia kwa pupa kuwafukuza, mabua yatakayoangushwa na miguu ya watu huenda yakazidi yaliyoharibiwa na ndege. Ndivyo ilivyo katika mapafu. Onyo la intaferoni likichelewa au likiwa dhaifu, kirusi huzaliana sana, na mwili huitikia baadaye kwa nguvu kubwa mno. Vifuko vya hewa vya mapafu vina kuta nyembamba kupindukia. Chembechembe za kinga zikimiminika humo kwa wingi, kuta hizo huumia, maji huvuja kutoka katika mishipa ya damu, na mahali palipokusudiwa hewa hujaa majimaji. Mgonjwa huanza kuhema.

Kwa mtoto mdogo, shida ya kwanza ni kukosa kumbukumbu. Kinga ya mtu mzima imekwisha kukutana na influenza mara kadhaa na imehifadhi kingamwili pamoja na chembechembe zinazomtambua adui wa zamani. Mtoto wa mwaka mmoja huenda ndiyo mara yake ya kwanza kuvamiwa, hivyo mwili wake huchukua siku zaidi kujipanga. Tena njia zake za hewa ni nyembamba, na uvimbe kidogo tu hutosha kuziba sehemu kubwa ya njia hiyo. Utapiamlo huidhoofisha zaidi kinga yake. Aidha, wapo watoto wachache sana waliozaliwa na kasoro katika mfumo wa intaferoni. Mwaka 2015 watafiti walieleza habari za mtoto mmoja wa Ufaransa aliyeugua influenza vibaya kwa sababu ya kasoro ya namna hiyo katika jeni moja, ingawa awali alionekana mwenye afya.

Habari ya vijana ni ngumu zaidi, na historia yake imepita karibu na hapa. Mwishoni mwa mwaka 1918 influenza ilienea Afrika Mashariki wakati Vita ya Kwanza ya Dunia inamalizika, wapagazi na askari wakirejea makwao. Ugogo, jirani zetu wa kusini-mashariki, ulikuwa tayari umo katika njaa kuu iliyoitwa Mtunya. Duniani kote ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu wapatao milioni 50, na ajabu yake ni kwamba uliwachukua kwa wingi watu wa umri wa miaka 20 hadi 40, umri ambao kwa kawaida huhimili magonjwa. Wataalamu wamelieleza jambo hilo kwa njia zaidi ya moja. Wengine huutaja mwitikio wa kinga uliopita kiasi. Wengine husema aina ya influenza ambayo mtu hukutana nayo kwanza utotoni huipa kinga yake mwelekeo wa maisha, na kizazi kile kilikuwa kimefunzwa na kirusi cha aina tofauti.

Jambo linalofanana na hilo lilionekana tena mwaka 2009, ulipozuka ugonjwa ambao wengi waliuita mafua ya nguruwe. Tanzania ilithibitisha mgonjwa wa kwanza Julai mwaka huo, na baadaye ugonjwa ulithibitishwa pia wilayani Mbulu, kwa majirani zetu wa mkoa wa Manyara. Safari hii sehemu ya wazee walikuwa wamebaki na kingamwili za virusi vya zamani vilivyofanana na hicho kipya. Vijana hawakuwa nazo. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba takriban asilimia 80 ya vifo vya mwaka wa kwanza vilikuwa vya watu walio chini ya miaka 65. Wajawazito nao, ambao kinga na mapafu yao hubadilika kwa sababu ya mimba, waliumia kuliko wanawake wengine wa rika lao.

Kuna hatari nyingine ambayo haina budi kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayozipita familia nyingi bila kutambuliwa. Vita vya kinga dhidi ya kirusi huacha utando wa njia ya hewa umechubuka, na bakteria wanaokaa kooni bila madhara hupata upenyo wa kushuka mapafuni. Uchunguzi wa mapafu yaliyohifadhiwa ya waliokufa mwaka 1918 ulionyesha kwamba wengi wao walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata. Dalili yake ni hii: mtoto au kijana alikuwa ameanza kupata nafuu, homa imeshuka, kisha baada ya siku chache homa inarudi, kikohozi kinakuwa kizito na pumzi inakuwa ya haraka. Mgonjwa wa namna hiyo asihesabiwe kuwa anaendelea vizuri kwa kuwa jana aliomba uji. Apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Ndiyo maana chanjo ya kuzuia nimonia, inayotolewa nchini tangu mwanzoni mwa mwaka 2013 kwa watoto wa wiki 6, 10 na 14, inahusika hata katika habari ya mafua. Chanjo ya influenza yenyewe haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto nchini. Mzazi anaweza kulitazama kadi la kliniki leo. Nafasi iliyo wazi inaweza kuulizwa katika zahanati iliyo karibu.

Kuhusu dawa zinazonunuliwa dukani, mambo mawili yanastahili kusemwa bila kuzunguka. Asprini asipewe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16 mwenye dalili za mafua, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa adimu lakini mbaya unaoharibu ini na ubongo; parasetamo kwa kipimo cha uzito wake inatosha kushusha homa. La pili ni vidonge vya deksamethasoni na prednisoloni, ambavyo baadhi ya watu huvitumia wakitumaini kuituliza kinga iliyozidi. Hoja hiyo yaonekana ya busara kwa aliyesoma maelezo ya hapo juu, lakini dawa hizo huishusha kinga yote, hata ile inayomzuia kirusi na bakteria. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unashauri zisitumike kutibu influenza kali. Mgonjwa anayezitumia kwa sababu nyingine, kama vile pumu, asiziache bila kumuuliza mganga.

Homa ya ghafla inaweza pia kuwa malaria, na haiwezekani kuitofautisha kwa macho. Kipimo cha haraka cha kidole hutoa jibu ndani ya muda mfupi. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, swali linalofuata ni upumuaji. Mzazi amfunue mtoto kifua akiwa ametulia, ahesabu pumzi kwa dakika nzima akitumia saa ya simu. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi. Kifua kinachobonyea ndani anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kwenda kituoni usiku huohuo bila kungoja asubuhi. Kwa kijana, maumivu ya kifua, midomo kugeuka rangi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa tu ni dalili za uzito uleule, hata kama juzi alikuwa anapakia magunia.