Kirangozi na Mwongozo: Uandishi wa Kiufundi, Wasanidi wa Programu na Urithi wa Njia ya Tabora

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza uandishi wa kiufundi kama sehemu ya taaluma ya usanidi wa programu za kompyuta. Swali linalotuongoza ni lile ambalo wanafunzi wa shahada za juu huliuliza kwa namna mbalimbali: kwa nini msanidi anayejua kuandika huelekea kupanda ngazi kuliko mwenzake mwenye ustadi uleule wa msimbo ambaye haandiki? Kwa kawaida swali hili huachiwa wataalamu wa menejimenti. Sisi tunashikilia kwamba ni swali la isimu, na kwamba sehemu ya jibu lake inapatikana katika historia ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka Mgunda Mkali, ikafika Tabora na hatimaye Ujiji.

Kwa uandishi wa kiufundi tunakusudia maandishi yanayomwezesha msomaji kutenda jambo, au kuelewa jinsi kitu kinavyotenda kazi, pasipo mwandishi kuwapo. Miongozo ya watumiaji, maelezo ya violesura, kumbukumbu za maamuzi ya usanifu na ripoti za hitilafu zote zimo katika fasili hii. Kiini cha fasili ni hayo maneno ya mwisho, yaani kutokuwapo kwa mwandishi. Msanidi anayemwelekeza mwenzake kwa mdomo ana macho, mikono na fursa ya kuulizwa tena. Anayeandika hana hata kimoja kati ya hivyo.

2.0 Maarifa ya njia na walioyaandika

Katika misafara ya karne ya kumi na tisa, aliyetangulia mbele alikuwa kirangozi. Mara nyingi alitoka miongoni mwa wapagazi wenyewe, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, na kilichomtofautisha nao ni kuijua njia: mahali pa maji, mahali pa kulipa hongo, mahali pa kununua posho. Umbo la jina lake li karibu na kiongozi. Neno tunalolitumia leo kwa kitabu cha maelekezo, mwongozo, nalo limetokana na kitenzi -ongoza. Tofauti ya kiongozi na mwongozo kisarufi ni ngeli na kiambishi tamati. Kijamii ni kubwa zaidi, kwani kiongozi anapoondoka maarifa huondoka naye, ilhali mwongozo hubaki.

Isidhaniwe kwamba misafara haikuwa na istilahi. Tuchukue neno terekeza, ambalo wasafiri kama Burton na Stanley walilisikia na kulinukuu. Terekeza ni mwendo wa alasiri unaofanywa ili kuvuka eneo lisilo na maji: watu hula na kunywa kwanza, huchukua maji ya kutosha, hutembea hadi jioni, hulala mahali pakavu na kuyafikia maji asubuhi inayofuata. Utaratibu mzima wa hatua tano umefungwa katika neno moja, kama vile msanidi anavyofunga hatua nyingi katika kitendaji kimoja na kukiita kwa jina. Hali kadhalika Mgunda Mkali, jina la nyika iliyokuwa kati ya Ugogo na Unyanyembe, lilikuwa onyo kwa msafiri kabla hajaifikia. Lakini istilahi hizi ziliwafaa waliokwisha kuzijua. Mgeni aliyesikia terekeza kwa mara ya kwanza alihitaji mtu wa kumfafanulia, na ufafanuzi huo haukuandikwa na waliokuwa na maarifa.

Mfano bora uko Tabora yenyewe. Burton na Speke waliingia Kazeh, kituo cha wafanyabiashara Waarabu katika Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857. Huko Burton alisaidiwa sana na mfanyabiashara Snay bin Amir, aliyemweleza habari za maziwa, njia na lugha za bara. Kitabu cha Burton kuhusu eneo la maziwa kilitoka mwaka 1860 katika majuzuu mawili. Burton hakuficha deni lake kwa mwenyeji wake. Hata hivyo, kitabu kilimwinua mwandishi wake, na Snay bin Amir akabaki jina ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Wote wawili walikuwa na maarifa ya njia, na Snay ndiye aliyekuwa na mengi zaidi. Aliyeyapanga yakasomeka mbali na Tabora ndiye aliyeitwa mtaalamu.

Wapo wenyeji wa njia hiyo walioshika kalamu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Ituru karibu na Tabora, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode aliyachapisha Berlin katika mwaka 1902 na 1903. Utajiri wake ulitokana na pembe na utumwa, na hakuna sababu ya kuupamba. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, matini yake ni hazina, kwa kuwa mwandishi anahesabu frasila, bei na siku kwa makini ya karani. Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwalimu aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Kwake tutarudi katika sehemu ya tano.

3.0 Sarufi ya maelekezo

Matini ya Tippu Tip ni simulizi, na kama ilivyo kwa simulizi nyingi za safari, mzigo wake unabebwa na kiambishi -ka-: tukaenda, tukafika, wakakataa. Tukio moja linafuata jingine, na lilitokea mara moja. Matini inayohusishwa na Mtoro, Desturi za Wasuaheli, ni ya namna nyingine. Haisemi mtu fulani alifanya nini, bali mtu akitaka jambo hufanyaje. Tofauti hii ndiyo tofauti ya kwanza ambayo msanidi anayejifunza kuandika hana budi kuielewa. Tulinganishe sentensi zifuatazo, ambazo tumezitunga wenyewe:

(a) Tulibonyeza kitufe, mfumo ukatuma ombi, seva ikakataa, tukajaribu tena.
(b) Mtumiaji akibonyeza kitufe, mfumo hutuma ombi kwa seva.
(c) Bonyeza kitufe, kisha usubiri jibu la seva.

Sentensi (a) ni habari ya safari, na mahali pake ni ripoti ya hitilafu, ambamo msomaji anataka kujua kilichotokea na kwa mfuatano gani. Sentensi (b) ni kanuni ya mfumo, na mahali pake ni maelezo ya kiolesura. Sentensi (c) ni agizo. Maandishi mengi ya wasanidi chipukizi hushindwa kwa sababu aina hizi tatu zimechanganywa katika aya moja, hata msomaji asijue kama anaarifiwa, anaelezwa au anaamriwa. Kasoro hiyo haitokani na uhaba wa istilahi, jambo ambalo katika midahalo yetu limepewa uzito kupita kiasi.

Kiambishi -ki- kinahitaji uangalifu wa pekee. Katika Kiswahili cha kawaida, "seva ikijibu" yaweza kumaanisha "iwapo seva itajibu" au "wakati seva inapojibu", na muktadha hutosha kuamua. Katika mwongozo wa mfumo tofauti hiyo ni ya kufa na kupona. Maana ya kwanza inamtaka msanidi aandike msimbo unaokagua kama jibu limekuja na kuandaa njia nyingine lisipokuja. Ya pili inachukulia kwamba jibu litakuja tu, na kazi ni kungoja. Tunapendekeza kwamba katika matini za aina hii sharti lionyeshwe kwa iwapo au endapo, na wakati uonyeshwe kwa -po-: "seva itakapojibu". Mwandishi wa riwaya asifungwe na pendekezo hili.

Aidha, upatanisho wa kisarufi unatupa nyenzo ambayo lugha zisizo na ngeli hazina. Tuangalie sentensi hii: "Faili linapofika kwenye seva, likaguliwe." Kinachokaguliwa ni faili. Tukiandika "ikaguliwe", kinachokaguliwa ni seva. Herufi moja imebeba maelekezo ambayo Kiingereza, kwa kiwakilishi chake kimoja cha vitu, kingelazimika kuyarudia kwa nomino kamili. Lakini nyenzo hii hufanya kazi kwa sharti moja, nalo ni kwamba mwandishi ashike ngeli moja tangu mwanzo hadi mwisho. Akiandika "faili limefunguliwa" katika ukurasa wa kwanza na "faili imefunguliwa" katika ukurasa wa tatu, faida yote imepotea, kwa sababu faili na seva sasa zinagombea kiambishi kimoja. Wahariri wa lugha huichukulia kasoro hii kama suala la usanifu tu. Katika mwongozo wa mfumo wa malipo au wa dawa za wagonjwa, ni suala la usalama.

4.0 Kalamu na ngazi

Historia ya kompyuta ina ushahidi wa kutosha kwamba kuandika kumewainua watu. Mwezi Aprili 1969 Steve Crocker, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika waraka wa kwanza wa mfululizo wa maombi ya maoni kuhusu mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Waraka huo haukudai mamlaka yoyote, bali uliomba maoni. Mfululizo huo unaendelea hadi leo, nao ndio unaohifadhi itifaki za intaneti. Crocker alikuja kuwa mwenyekiti wa bodi ya ICANN kuanzia mwaka 2011 hadi 2017. W. Richard Stevens, aliyezaliwa mwaka 1951 Luanshya, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, hakuivumbua Unix wala itifaki za mtandao. Alizieleza, katika vitabu alivyovitoa kuanzia mwaka 1990 hadi kifo chake mwaka 1999, na kwa maelezo hayo jina lake likafahamika kwa wasanidi kuliko majina ya wengi waliozijenga.

Mifano ya watu mashuhuri haithibitishi kwamba kila anayeandika atapanda. Inatusaidia tu kuuona mchakato. Msimbo husomwa na wachache, tena wenye ujuzi sawa na wa mwandishi wake, ilhali waraka husomwa na mkurugenzi, mkaguzi, mfadhili na msanidi wa taasisi nyingine, yaani wale wenye uwezo wa kumpa mtu kazi. Tumfikirie msanidi aliyeko Tabora anayehudumia mfumo wa hospitali. Asipoandika, sifa yake inaishia kwa wanaompigia simu mfumo unapokwama. Akiandika, waraka wake waweza kufika Dodoma na Dar es Salaam kabla yake. Isitoshe, kuandika humlazimisha kuona mahali ambapo yeye mwenyewe hajaelewa, na kasoro nyingi za usanifu hugunduliwa pale mtu anaposhindwa kuandika sentensi ya (b) bila kuongeza "isipokuwa" tatu.

Hapa suala la lugha linajitokeza kwa ukali. Kiolesura ambacho wasanidi nchini Kenya hukitumia kuunganisha mifumo yao na M-Pesa kimepewa jina la Kiswahili, Daraja, lakini maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza. Kwa upande mwingine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu na ujumbe wa Kiswahili. Mradi ule ulithibitisha kwamba inawezekana, ila mkazo wake ulikuwa kwenye maneno ya menyu zaidi kuliko matini ndefu. Kutafsiri "hifadhi" na "futa" ni kazi ya istilahi. Kueleza kwa nini mfumo umekataa kuhifadhi ni kazi ya uandishi, na kwa maoni yetu ndiyo iliyobaki nyuma.

Ipo hatari moja ambayo watetezi wa uandishi huinyamazia. Katika ofisi nyingi kazi ya kuandika hutupiwa msanidi mdogo kama adhabu, au mtu asiyeujua mfumo, na waraka unaotokea haumwinui yeyote. Karani wa msafara aliyehesabu mizigo alikuwa wa lazima, lakini hakuitwa kirangozi. Kalamu humwinua anayeijua njia mwenyewe, na aliyeruhusiwa kutia jina lake.

5.0 Jina juu ya jalada

Mtoro bin Mwinyi Bakari ndiye mtu ambaye sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli inatokana naye. Kitabu kilipotoka mwaka 1903 kilitolewa kwa jina la Carl Velten. Mwaka 1905 Mtoro alijaribu kurejea nyumbani pamoja na mke wake Mjerumani, na serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka Dar es Salaam. Alirudi Ujerumani, akafia huko mwaka 1927. Jina lake liliwekwa katika anwani ya kitabu katika toleo la Kiingereza la J. W. T. Allen la mwaka 1981, miaka 78 baada ya toleo la kwanza. Kuandika kulimpa nafasi Mtoro, lakini haki ya jina haikuja pamoja na nafasi hiyo.

Mifumo ya leo ya kutunza matoleo ina jambo la kuvutia kuhusu suala hili. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi majina mawili kwa kila badiliko: la aliyeliandika na la aliyeliingiza katika hazina. Mtoro na Velten wangepata kila mmoja mstari wake. Lakini si zana zote zilizo makini hivyo. Katika aina ya faili inayotumiwa sana kutafsiri programu huria, kichwa cha faili kina sehemu ya mtafsiri wa mwisho, na kila anayekuja hufuta jina la aliyemtangulia, isipokuwa mtu ajitaabishe kuliandika juu, katika maoni. Mwanafunzi anayetafsiri faili la namna hiyo na aanzie kwenye mistari hiyo ya maoni kabla ya kugusa neno lolote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua haki ya mtunzi kutajwa kuwa mtunzi, na katika faili kama hilo ushahidi wa nani alitunga nini ni huo tu.