Swichi ya mtandao: Usilipie usichokitumia

TANGU Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilipofunguliwa Februari, 2021 na mabasi ya mikoani kuhamia huko kutoka Ubungo, Mbezi Luis imekuwa eneo la biashara ya usiku na mchana. Ofisi ya tiketi, duka la jumla au nyumba ya wageni ya hapo huhitaji kompyuta ya mauzo, printa, kamera za ulinzi na intaneti ya wateja.

Vyote hivyo hukutana katika swichi ya mtandao, kisanduku chenye matundu 8, 16, 24 au 48 ya nyaya. Anayekosea kukinunua huumia kwa njia mbili: mtaji hulala katika uwezo usiotumika, au mauzo ya siku hupotea mtandao ukikwama.

Swichi ya bei ndogo haina mipangilio. Ni kuchomeka waya tu. Inalifaa duka la kompyuta mbili tatu. Kasoro yake ni kwamba vifaa vyote huonana. Mgeni aliyepewa neno la siri la intaneti anaweza kuifikia hata kompyuta ya hesabu.

Swichi inayosimamiwa huondoa hatari hiyo. Fundi huugawa mtandao katika mafungu yaitwayo VLAN: hesabu namba 10, kamera namba 20, wageni namba 30. Kanuni ya 802.1Q inaruhusu namba 1 hadi 4094. Suala hili si la mafundi peke yao, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za wateja azilinde.

Aidha, waya ukichomekwa kimakosa ncha zote mbili katika swichi moja, ujumbe huzunguka bila kikomo na mtandao wote kukwama. Kinga yake ni STP, iliyobuniwa na Radia Perlman wa Marekani mwaka 1985, ambayo huifunga njia ya ziada.

Kwa kamera zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao, mnunuzi ajumlishe wati. Swichi ya matundu 8 yenye jumla ya wati 60 haiwezi kulisha kamera 8 za wati 10 kila moja.

Daraja la juu ni swichi yenye uwezo wa kuelekeza njia. Mafungu ya VLAN hayazungumzi bila kifaa cha kuyaelekeza. Kwa duka moja, ruta ya kawaida inayotambua VLAN inatosha. Lakini kamera nyingi zikipeleka picha fungu jingine, waya mmoja wa kwenda kwenye ruta huzidiwa. Hapo swichi hiyo hurejesha gharama yake.

Mwenye duka Mbezi na tawi Kibaha anatoshwa na njia zilizoandikwa kwa mkono. Utaratibu wa OSPF, unaotafuta njia wenyewe, unawafaa wenye matawi mengi. Hata hivyo, swichi hii kwa kawaida haichukui nafasi ya ruta ya intaneti.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ahesabu vifaa alivyonavyo na atakavyoongeza, adai risiti na dhamana, na siku hiyo hiyo abadilishe neno la siri la kiwandani.