Chanjo ya Wasichana: Muuguzi na Mzazi Wazungumzeje?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawajibu wazazi waliotuuliza habari za chanjo ya HPV wanayochomwa wasichana wetu. Lakini hatutaeleza chanjo peke yake. Tunataka pia kusema habari zetu sisi wauguzi, jinsi tunavyozungumza na familia, kwa maana tumejifunza kwamba kinga njema inaweza kukataliwa kwa sababu ya maneno yetu mabaya.

TULIVYOKOSEA

Mwaka 2018 Tanzania ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Sisi tulipangiwa shule zilizo jirani na hospitali yetu. Tuliwapelekea wazazi barua kwa mikono ya wanafunzi, siku mbili tu kabla. Barua ilisema "chanjo ya HPV", basi. Tulipofika shuleni na kasha letu la baridi, tulikuta baadhi ya wasichana wamezuiwa nyumbani.

Kesho yake baba mmoja alikuja hospitalini. "Sista," alisema, "binti yangu bado ni mtoto. Mbona mnataka kumchoma sindano ya mambo ya wakubwa? Na huko mtaani wanasema ni sindano ya kufunga uzazi."

Foleni ilikuwa ndefu, nasi tulikuwa tumechoka. Tukamjibu kwamba hilo ni agizo la Wizara, wataalamu wamekwisha kulipima, na asisikilize maneno ya vijiweni. Alinyamaza, akavaa kofia yake, akaenda zake. Binti yake hakuchanjwa.

Tulidhani tumemjibu. Kumbe tulikuwa tumemnyamazisha tu.

UGONJWA WENYEWE

Baba yule alistahili kuelezwa hivi. HPV ni virusi vinavyoenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi katika sehemu za siri, hasa wakati wa kujamiiana. Ni vya kawaida mno. Watu wengi huvipata wakati fulani katika maisha yao ya ndoa au kabla yake, na wengi hawajui kamwe, kwa kuwa mwili huvifukuza wenyewe katika mwaka mmoja au miwili.

Kwa baadhi ya wanawake, hata hivyo, virusi hivyo haviondoki. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha karibu asilimia 70 ya kansa za mlango wa kizazi. Hufanya kazi polepole, miaka 15 hadi 20, pasipo maumivu yoyote. Mama mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa anaweza kufikia kansa katika miaka 5 hadi 10 tu.

Kansa hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Duniani kote, mwaka 2022, iliua wanawake wapatao 350,000. Wodini kwetu tunawaona akina mama wanaofika wakati damu imekwisha kutoka miezi mingi na mgongo hauwapi usingizi. Tunawaandikia rufaa, familia inauza ng'ombe au shamba ili kupata nauli na mahitaji ya safari, na mara nyingi wakati wa kuponya umekwisha kupita.

CHANJO INAFANYAJE KAZI?

Ndani ya chanjo hamna virusi hai. Kuna maganda matupu yaliyotengenezwa yafanane na virusi, ambayo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Kwa hiyo haiwezi kuleta ugonjwa. Lakini pia haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuitoa mapema. Hatumchanji msichana kwa kumdhania mabaya. Paa huezekwa kabla ya masika.

Zamani zilihitajika dozi zaidi ya moja. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulionyesha kwamba hata dozi moja huamsha kinga, na utafiti mwingine wa Kenya kwa wasichana wa miaka 15 hadi 20 ulionyesha kwamba dozi moja huzuia maambukizo ya aina zile mbili kwa kiasi kikubwa sana. Matokeo ya tafiti hizo yalichapishwa mwaka 2022. Mwaka 2024 Tanzania ikaingia katika utaratibu wa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wenye virusi vya Ukimwi huhitaji zaidi ya dozi moja, kwa hiyo mzazi amweleze muuguzi faraghani. Huko Uingereza, wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13 walionekana kupata kansa hii pungufu kwa asilimia 87.

MANENO YANAYOSAIDIA

Sasa tunawaambia wauguzi wenzetu, nanyi wazazi msikie, ili mjue mnachostahili kupata kwetu.

Kwanza, tutaje kansa. Herufi tatu za HPV hazimwambii mzazi kitu. Tuseme: chanjo ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi.

Pili, tupendekeze waziwazi. Muuguzi akisema kwa kusitasita, "Sijui kama ungependa...", mzazi huona kwamba hata yeye ana mashaka. Yafaa kusema: "Mama, binti yako amefikisha miaka 10. Leo ni siku yake ya chanjo ya kuzuia kansa. Una swali lolote?" Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waganga waliofundishwa kutangaza kwa ufupi namna hii walipata vijana wengi zaidi wa kuchanjwa.

Tatu, mzazi akikataa, tusibishane. Tumwulize, "Baba, ni jambo gani hasa linalokutia wasiwasi?" kisha tunyamaze tusikilize. Mara nyingi swali la kwanza si lile lililomo moyoni.

Nne, tujibu swali aliloliuliza, na tuseme kweli yote. Je, itamfungulia binti mlango wa uasherati? Tafiti za nchi mbalimbali hazikuona hivyo. Malezi ya nyumbani yanabaki kazi ya wazazi, na chanjo haiyachukui mahali pake. Je, inafunga uzazi? Hapana. Kinyume chake, inalinda kizazi, maana tiba ya kansa ndiyo ambayo mara nyingi humwondolea mwanamke uwezo wa kuzaa. Je, ina madhara? Mkono huuma na kuvimba kidogo, na pengine homa ndogo au kichwa kuuma kwa siku moja au mbili. Wasichana wengine huzimia kwa hofu ya sindano, ndiyo sababu huketishwa dakika 15. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana.

Tano, binti mwenyewe aelezwe. Mkono ni wake.

Sita, asiyekubali leo aondoke kwa heshima, akijua mlango uko wazi.

Siku hizi, kabla ya kwenda shuleni, tunaomba kwanza nafasi katika mikutano ya wazazi, kwa WAWATA na katika jumuiya ndogo ndogo. Akina baba tunawaalika kwa makusudi, maana nyumba nyingi husubiri neno lao. Saa moja ya maswali chini ya mwembe imetusaidia kuliko barua zote tulizoandika.

BABA YULE

Mwaka 2024 baba yule wa kofia alirudi, ameongozana na binti yake mdogo wa miaka 11. Dada yake mkubwa alikuwa amepita nao njiani kwenda sokoni. Tulimwomba baba radhi kwa majibu yetu ya mwaka 2018, kisha tukaketi naye. Maswali yake yalikuwa yale yale, na safari hii yalichukua robo saa. Mdogo akachanjwa.

Ndipo baba akauliza, "Na huyu mkubwa je?" Alikuwa na miaka 20, amepita umri wa mpango huu. Tulimweleza kwamba chanjo ya bure imempita, ila afikapo miaka 30 asikose kuja kupimwa mlango wa kizazi. Hata waliochanjwa watapaswa kupimwa, na mwenye virusi vya Ukimwi aanze akiwa na miaka 25. Baba alimtazama binti yake kwa muda, asiseme neno. Nasi hatukuwa na la kusema.

Robo saa ile tungeweza kumpa mwaka 2018.

Mzazi mpendwa, kama una msichana wa miaka 9 hadi 14, mpeleke kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Nenda na maswali yako yote. Muuguzi akikujibu kwa haraka kama sisi tulivyofanya, usiondoke. Mwulize tena.