Tadmur, Mji wa Misafara

Tukiitazama ramani ya nchi ya Sham, ambayo leo huitwa Syria, twaona upande wa magharibi bahari na milima, na upande wa mashariki mto Frati. Katikati ni jangwa. Ndani ya jangwa hilo, kadiri ya kilomita 215 kaskazini mashariki ya Dameski, uko mji wa Tadmur, ambao Warumi waliuita Palmyra.

Mji huo haukuwa na mto. Ulikuwa na chemchemi iitwayo Efqa, yenye maji ya uvuguvugu na harufu ya kiberiti, na mitende iliyonyweshwa kwayo. Basi, mwenye ngamia akitoka Frati kwenda pwani aliweza kuzunguka kaskazini kwa njia ndefu, au kulikata jangwa kwa njia fupi, iwapo tu ana hakika ya kupata maji na ya kutonyang'anywa mali. Watu wa Tadmur waliiuza hakika hiyo. Misafara yao ilifika hata Ghuba ya Uajemi, na huko wengine walipanda jahazi kwenda Bara Hindi kwa pepo za musimu, ambazo mabaharia wa pwani yetu wazijua sana. Katika makaburi yao imeonekana hariri ya Uchina.

Penye mali, ugomvi haukosi. Wafanya biashara na watoza ushuru walishindana mara nyingi, kwa kuwa vitu vingi havikutajwa katika sheria ya zamani. Kwa hiyo katika mwaka 137 baraza la mji liliamuru sheria mpya ichorwe juu ya jiwe, kwa Kiyunani na kwa lugha ya wenyeji, kila mtu aione. Manukato yaliyotiwa katika chupa za alabasta yalilipiwa zaidi kuliko yaliyotiwa katika viriba vya ngozi ya mbuzi. Jiwe hilo sasa limo katika nyumba ya makumbusho ya Hermitage, mjini St Petersburg. Kwetu sisi lina thamani kupita sanamu nyingi, maana ndani yake twausikia mji ukifanya kazi.

Fahari ilizaa vita. Malkia Zenobia, akitawala kwa jina la mwanawe mdogo, alituma jeshi likaitwaa Misri. Kaisari Aurelian akamshinda mwaka 272. Na watu wa mji walipoasi tena, mwaka 273, uliporwa. Misafara ikafuata njia nyingine.

Mgeni aendaye katika magofu huijia njia kuu yenye nguzo, yenye urefu upatao kilomita moja na zaidi. Katika nguzo nyingi kimetokeza kibao cha jiwe. Juu yake ilisimama sanamu ya mtu aliyeheshimiwa na mji, na baadhi yao ni watu walioiongoza misafara ikarudi salama. Sanamu zimekwisha, majina yaliyochorwa chini yake yamebaki.

Hekalu la Bel, lililowekwa wakfu mwaka 32, lilisimama mpaka Agosti 2015, wapiganaji walioushika mji walipolivunja kwa baruti. Mwezi huohuo walimwua Khaled al-Asaad, mzee wa miaka zaidi ya 80, aliyeyatunza magofu hayo kwa zaidi ya miaka 40. Moshi ulipotawanyika, katikati ya kifusi ulionekana mlango mkubwa wa hekalu, ungali umesimama peke yake.