Kuanguka kwa Wazee Si Jambo la Kudharauliwa

Wahenga walisema, "Kujikwaa si kuanguka." Kwa kijana ni kweli, lakini kwa mzee mara nyingi ndiko kuanguka kwenyewe. Akianguka penye kizingiti, watu wa nyumbani humwinua, humpa pole, kisha husema, "Ni uzee tu." Maneno hayo si kweli yote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao wamepita miaka 60. Wengine huvunjika nyonga, wasiweze tena kuliona shamba lao.

Mwili husimama wima kwa msaada wa mambo matatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Mtu akiyumba kidogo, kifundo cha mguu hutangulia kumrudisha. Lakini kadiri miaka ipitavyo, misuli ya shavu la mguu hukakamaa na kifundo hakikunjiki kama zamani. Ndipo vidole visipoinuka vya kutosha, na mzizi mdogo wa njiani humkwaza mzee. Akichuchumaa, huelekea kuangukia nyuma.

Dawa ya jambo hili haihitaji fedha. Mzee na asimame mbele ya ukuta, aweke mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino chake kikikanyaga chini. Akunje goti la mbele mpaka shavu la mguu wa nyuma livutike, ahesabu 30, kisha abadili mguu. Halafu ashike kiti kizito, ainue visigino na kuvishusha polepole mara 10. Mwisho asimame kwa mguu mmoja, mtu akiwa karibu. Uchunguzi mwingi uliokusanywa na wataalamu wa Cochrane mwaka 2019 ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo.

Tena nyumba itazamwe: taa iwepo usiku, njia ya chooni isiwe na utelezi, na viatu vishike kisigino. Anayeona kizunguzungu ainukapo amwone mganga hospitalini, kwani huenda ni dawa anazotumia.

Kosa letu kubwa ni kumwambia mzee aliyeanguka, "Kaa tu, Baba, usitembee." Miguu isiyotumika hudhoofu, na hofu humwangusha mara ya pili. Heshima ya kweli si kumkalisha, bali ni kumshika mkono atembee.